Mgawa Makosa wa Castelrovere

Elvio Marinozzi alizirai kwa mara ya kwanza akiwa na miaka sita, mbele ya nguruwe, na baba yake akasema atazoea tu. Akazirai tena alipofika miaka minane, kisha tisa, kisha kila Januari, mwezi ambao mji wetu wote wa Castelrovere huchinja nguruwe. Wateja wakaanza kumwekea kiti. Kwa mtoto wa daktari hilo lisingekuwa neno, lakini Elvio alikuwa mtoto wa pekee wa kiume wa Nazzareno Marinozzi, mwenye bucha ya nguruwe chini ya mnara wa saa. Bucha ilitoka kwa babu ikaja kwa baba, na baada ya baba ilikuwa zamu ya huyu aliyelala sakafuni, mweupe kama mafuta aliyopaswa kuyapima.

Alikuwapo pia Iole, dada yake, aliyemzidi miaka mitatu. Iole aliweza kumkatakata nguruwe mzima huku akipiga soga na wateja, na lisipotee hata sikio. Alikuwa na mikono ya kazi, ulimi wa kazi, na tamaa moja tu duniani, nayo ni ile bucha. Nazzareno hakutaka kusikia. "Kisu ni cha mwanamume," alikuwa akisema, na mara zote alizosema hivyo kisu kilikuwa mkononi mwa Iole.

Kilichomwokoa Elvio ni Kilatini, ingawa kwa muda mrefu ilionekana kama ndicho kitakachomzika. Mwalimu wake wa shule ya msingi alimsifu kwa baba yake kwamba kijana ana kichwa, na Nazzareno, ambaye hakuna aliyewahi kumsifia kitu kisichopimwa kwa mizani, akalegea. Elvio akapelekwa shule ya kilimani, wanakosoma watoto wa wakili na mfamasia. Lakini sharti liliwekwa siku ileile, mezani, supu ikipoa.

"Mwaka utakaoanguka, hata kwa somo moja, unavua viatu vya shule, unavaa mabuti ya bucha. Na sitaki kusikia habari za Septemba."

Kwetu anayeshindwa somo mwezi Juni hurudi Septemba kulifanya upya, baada ya kiangazi kizima kuharibika. Watu wengi wenye heshima zao wamepita kwa mlango wa Septemba. Nazzareno hakuutambua mlango huo.

Usiku huo Iole alimvuta mdogo wake sikio mpaka stoo ya mapaja ya nguruwe.

"Sikiliza, we bwege wangu. Ukifaulu mpaka mwisho, Baba atachoka kukungoja na bucha itabaki kwangu. Ukianguka, tumekwisha wote wawili. Wewe utazirai mpaka mvi zikutoke, na mimi nitaozwa kwa yule muuza mbolea. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, dada."

"Basi kasome."

Akaenda kusoma. Na hapo ndipo alipokutana na Kilatini uso kwa uso.

Mimi sina ugomvi na Kilatini, nilikisoma na nikatoka hai. Lakini tuseme ukweli: lugha ambayo kila neno lina mkia, na mkia unabadilika kila neno linapopewa kazi mpya, si lugha ya mtu mwenye haraka. Ua la waridi peke yake lina mikia ya kumtosha mtu wiki nzima. Rosa, rosae, rosae, Elvio aliimba akienda shule, akirudi, akila, akioga. Na ukishayamaliza majina, unakuta vitenzi vinakungoja nyuma ya mlango. Na ukishamaliza vitenzi, wanakuletea jemadari anayevuka mto. Sijui kwa nini majemadari wale hawakukosa mto wa kuvuka, na kwa nini hawakuweza kuuvuka kwa sentensi fupi.

Mwalimu wa Kilatini alikuwa Bi Clelia Scarponi, mwanamke mwembamba mwenye miwani ya mnyororo, ambaye darasa lilimwogopa kuliko radi. Asubuhi alifungua daftari la mahudhurio, akatembeza kidole juu ya majina polepole, juu, chini, juu tena, akimtafuta wa kumwita ubaoni. Kidole kikiwa njiani hakuna aliyepumua. Kikishamfika mtu, wengine wote walishusha pumzi pamoja, na aliyeitwa akasikia upepo huo shingoni.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa saa mbili: ukurasa mmoja wa Kilatini, kamusi nzito kama tofali, na wewe. Alama zilihesabiwa hadi kumi, na sita ndiyo ya kufaulu. Elvio, mwaka ule wa sabini na moja alipokuwa na miaka kumi na sita, alikuwa mtu wa alama nne, akijitahidi sana tano.

Mwezi Novemba darasa zima lilinakili kwa Ottavia. Ottavia alikuwa binti wa mfamasia, msichana mpole aliyetafsiri Kilatini kama mtu anayemenya chungwa, na hakuwa na roho ya kumnyima mtu. Karatasi yake ilizunguka ndani ya mkate wa mortadela, nyama ya kusaga ya Nazzareno mwenyewe, uliotoka katika mfuko wa Elvio. Ilirudi imelowa mafuta kiasi kwamba ungeweza kuisoma pande zote mbili. Bahati mbaya Ottavia siku hiyo aliteleza mahali pamoja. Jemadari akavuka mto, na badala ya kuacha mizigo ng'ambo, akaacha miguu. Wanafunzi kumi na sita, majemadari kumi na sita wasio na miguu.

"Kosa moja, watoto kumi na sita," alisema Bi Scarponi akirudisha karatasi. "Nimewapa wote tatu. Na wewe Ottavia, ambaye ni mama yao, pole."

Jioni walikaa mkahawani wakiwa wamenuna. Duilio, mtoto wa fundi saa, kijana mkubwa asiyejua saa yoyote, wala ya ukutani wala ya vitenzi, alikuwa wa kwanza kusema.

"Basi tusome wenyewe."

Wakamcheka mpaka akacheka naye.

Elvio hakucheka. Alikuwa akiwaza bucha. Alikulia nyuma ya ile kaunta, akimtazama baba yake akiwahudumia watu bila kuwauliza: mjane huyu hupenda isiyo na mafuta, mkuu wa polisi hupenda yenye mafuta na mkewe asijue, padri huchukua soseji na kusema ni za mgeni. Kila mtu na kipande chake. Ukimpa mtu kipande cha mwenzake, mtaa mzima unajua kuna jambo.

"Shida yetu si kunakili," alisema. "Shida ni kwamba wote tumekula kipande kimoja. Duilio hawezi kukosea kama Loretta. Duilio ni mtu wa nyakati: kesho yake iko jana. Loretta yeye hugeuza vitenzi, waliopigwa wakawa wapigaji. Ermes anaruka maneno madogo kama mtu anayeruka madimbwi. Kila mtu akosee kosa lake."

"Na nani atajua kosa la nani ni lipi?" akauliza Loretta, aliyekuwa amekasirika kidogo kuhusu lile la waliopigwa.

"Mimi."

Hivyo ndivyo Elvio Marinozzi alivyokuwa mgawa makosa. Ottavia alitafsiri katika saa ya kwanza, mkate ukamfikia Elvio, na yeye akaweka pembeni ya mistari herufi ndogo kwa kalamu ya risasi: D, Duilio aharibu hapa, L, Loretta ageuze hapa. Kisha mkate ukaendelea na safari yake. Na kwa kuwa hakuna mwalimu duniani anayeweza kuamini darasa lisilo na aliyeanguka, waliweka na utaratibu wa kumpa mmoja wao alama nne. Kabla ya kila mtihani walichovya mikono katika mfuko wa maharage pale mkahawani. Meupe kumi na tano, jeusi moja. Aliyetoa jeusi aliibeba nne kwa niaba ya wenzake, bila kulalamika, na wenzake walimnunulia kahawa.

Sasa, kumgawia mtu kosa lake si kazi ya kitoto. Lazima ulijue lililo sahihi, ulijue kosa, ulijue na lile kosa jirani ambalo lingekuwa kubwa mno kwa mtu huyu. Elvio akaanza kulala na kitabu cha sarufi. Alikipitia sura kwa sura, kwa mpangilio, kama baba yake anavyofungua mzoga kutoka kichwani kwenda mkiani. Chakula kikiwa mezani aliuliza, bila kumwuliza mtu, "Je, Ermes angejua hapa kitenzi kinataka nini?" Nazzareno alimtazama mkewe. Iole, mikono imejaa chumvi hadi viwikoni, alimsomea maswali kutoka kitabuni na kumzaba kofi la kisogoni kila alipojikwaa. Na katika yote hayo kijana aliamini kwa dhati ya moyo kwamba anafanya udanganyifu.

Majira ya baridi yakapita. Alama za darasa zikapanda kistaarabu, huyu sita, yule sita na nusu. Elvio mwenyewe alijigawia tano na sita, kwa sababu mtu aliyekuwa wa nne haruki hadi nane bila kuvunja paa. Mwezi Mei alihesabu, akaona anahitaji sita katika mtihani wa mwisho ili mwaka wake utimie. Sita moja tu. Akachovya mkono katika mfuko wa maharage, na akatoa jeusi.

Hakuna aliyecheka. Wote walijua habari za mabuti ya bucha.

"Nipe mimi," alisema Duilio. "Nne mimi nimeizoea, tunasalimiana njiani."

"Ukipata nne nyingine na wewe unaanguka."

"Basi chovya tena. Mfuko umeushika wewe, bwana, nani atasema?"

Elvio aliwatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuanguka. Wote walining'inia kwenye uzi uleule, na uzi huo aliusokota yeye. Akaliweka lile harage mfukoni, akaenda nyumbani.

Iole alikuwa akinoa kisu aliposimuliwa. Akaacha kunoa.

"Umebeba nne?"

"Zamu yangu, dada."

"Zamu! Umebeba nne, au umebeba duka langu? Miezi yote hii nimekushikia kitabu kwa mikono inayonuka utumbo, ili wewe ukawe muungwana kwa watoto wa wakili? Badilisha!"

"Siwezi."

"Unaweza. Hutaki." Akakigeukia kile kisu. Alikuwa analia, na Iole kulia hakukuonekana tangu ubatizo wake. "Usinisemeshe mpaka Juni."

Asubuhi ya mtihani alimfungia mkate wa mortadela hata hivyo. Desturi yetu ni kumwambia mtu aendaye mtihanini aingie kinywani mwa mbwa mwitu, naye ajibu, mbwa mwitu afe. Kumtakia heri waziwazi ni kumroga. Iole alimsukumia mkate kifuani na kusema, "Kila la heri." Mama yao akafanya ishara ya msalaba. Elvio aliondoka amevunjika moyo kabisa.

Na heri ile ilikuwa tayari imeshafika shuleni kabla yake. Kiti cha Ottavia kilikuwa kitupu. Alikuwa kitandani kwao na matubwitubwi, mashavu yamevimba kama maandazi.

Bi Scarponi akagawa karatasi. Jemadari, kama kawaida, alikuwa kando ya mto. Polepole, kichwa kimoja baada ya kingine, wote wakamgeukia Elvio. Duilio alimkonyeza kwa macho ya mtu anayezama.

Elvio aliinama juu ya ukurasa kwa kukosa pa kuangalia. Akasoma mstari wa kwanza, akasema moyoni, hapa Loretta angegeuza. Wa pili: hapa Ermes angeruka. Wa tatu: hapa Duilio angempeleka jemadari kesho. Alipofika chini aligundua kwamba amejua mahali pote ambapo wenzake wangekosea, na kwamba hilo haliwezekani isipokuwa umeelewa kila neno. Akaelewa. Jemadari alivuka mto, akaacha mizigo, akachoma daraja, akawahutubia askari wake kwa sentensi ya mistari saba, na Elvio alivuka naye bila kulowa. Furaha ilimpanda hadi masikioni, akatamani kusimama juu ya dawati. Akaandika nakala safi, akaweka herufi za watu, akaingiza katika mkate, akausukuma.

Kisha akabaki na karatasi yake mwenyewe, nyeupe. Angeweza kuandika tafsiri ile safi na kupata si sita, bali tisa. Iole angecheka tena. Lakini Marinozzi aliyezoea tano kupata tisa siku Ottavia hayupo, na darasani hakuna aliyepata nne? Bi Scarponi angezirarua karatasi zote kumi na tano. Akaliona harage jeusi mfukoni, au tuseme alilisikia kwenye paja. Akaandika makosa saba, kwa mwandiko mzuri, macho yakimwuma.

Siku mbili baadaye Bi Scarponi aliingia na karatasi, hakuzigawa.

"Nimefundisha miaka mingi," alisema, "na sijapata kuona darasa linalokosea vizuri kama hili. Loretta amekosea kama Loretta. Ermes amekosea kama Ermes. Duilio amekosea ki-Duilio kuliko Duilio mwenyewe anavyoweza. Nilidhani mpishi ni Ottavia, lakini Ottavia ana matubwitubwi. Marinozzi, ubaoni."

Elvio akaenda. Miguu ilikuwa ileile ya Januari, mbele ya nguruwe.

"Karatasi yako ni ya alama nne. Kosa lako la kwanza linatoka sura ya kwanza ya sarufi. La pili, sura ya pili. La tatu, ya tatu. Mpaka la saba, kwa mpangilio, hakuna sura iliyorukwa. Mwanangu, asiyejua hukosea popote anapojikwaa. Wewe umekosea kwa foleni."

Darasa zima likamtazama. Kweli hakuwa amefikiria. Alipoambiwa mkono wake uharibu, ulianzia kichwani kwenda mkiani, kama ulivyofundwa nyumbani. Siku za mwizi arobaini, na mwizi huyu alikuwa amezipanga mwenyewe.

"Sahihisha," alisema Bi Scarponi, akampa chaki.

Akasahihisha. Mwanzoni kwa sauti ya mgonjwa, kisha akasahau kuogopa. Akaeleza la kwanza na la pili. Alipofika la nne akaongeza makosa mawili ambayo mtu angeweza kuyafanya pale na kwa nini ni ya watu tofauti. La saba alilieleza akicheka. Chaki ilikuwa imemjaa hadi nyusi.

Bi Scarponi alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyochafuka.

"Kwa kujua, nane. Kwa wizi, nne. Jumlisha, gawa kwa mbili."

"Sita," alisema Duilio haraka, hesabu yake ya kwanza sahihi mwaka ule.

"Sita. Na nyinyi wengine, kuanzia kesho, mtapita ubaoni mmoja mmoja mpaka shule ifungwe, na mgawaji wenu atawafundisha kila mchana. Na huo mkate unaopaka karatasi zenu mafuta, uko wapi?"

Mkate ukatolewa dawatini, mkavu wa siku mbili. Akaitoa karatasi iliyokuwa ndani, akaikunja akaitia mkobani, na kilichobaki akakila mbele yao, taratibu, mpaka mwisho.

Elvio alikimbia kilima chote hadi bucha kumwambia dada yake. Iole hakuinua kichwa. "Nitaamini nikiiona ukutani."

Matokeo kwetu hubandikwa ukumbini mwa shule katikati ya Juni, majina yote na alama zote, mji mzima usome. Siku hiyo Nazzareno alifunga bucha Jumamosi asubuhi, jambo ambalo hata vita havikumfanya alifanye, akapanda kilima akiwa bado amevaa aproni yake, Iole nyuma, Elvio nyuma zaidi. Akaweka kidole kwenye karatasi, akashuka nacho polepole, na Elvio akaacha kupumua kwa mazoea. Kidole kikasimama.

"Sita," alisema Nazzareno.

"Sita, Baba."

"Tu?"

"Inatosha, Baba."

Iole alisogea akaisoma mwenyewe. Akaisoma tena. Kisha akamkamata mdogo wake, akambusu kisogoni palepale alipokuwa akimzaba makofi, kwa nguvu ileile.

Nazzareno alibaki akiangalia ukuta. Hasira hakuwa nayo. Alikuwa amechoka kama mtu aliyengoja mgeni muda mrefu na sasa ameambiwa haji.

"Basi bucha itakuwa ya nani?" akauliza, na ukumbi wote ukasikia.

"Baba," alisema Iole, "mgongo ulipokushika Januari, nani alichinja?"

"Wewe."

"Mapaja yale, nani alitia chumvi?"

"Wewe."

"Na nani alilala sakafuni?"

Nazzareno akamtazama mwanawe, mwenye sita ya Kilatini na masikio mekundu, na kicheko kikaanza kumtikisa tumbo bila ruhusa yake. Akapeleka mikono nyuma, akafungua aproni, akaitoa juu ya kichwa chake, akamvika binti yake mbele ya wakili na mfamasia na Bi Scarponi mwenyewe.

Ilimfika Iole vifundoni. Akaikunja kiunoni mara mbili, akaifunga kwa fundo la nguvu, akanyoosha mkono kwa baba yake. Alikuwa anataka funguo. Ilikuwa Jumamosi, na huko chini, mlangoni pa bucha, watu walikuwa foleni.